Komeo la Hosea

1

Nyemo hakunipa shikamoo. Alisukuma mlango wa chumba cha seva kwa bega, mikononi bado ana glovu za kuchomelea, akaja akasimama mbele ya feni kubwa. Binti huyu namjua mwaka wa nne sasa, na hajawahi kuingia humu bila kunisalimu na kuuliza mashine zimeamkaje.

"Mama Damari," akasema, "Komeo limefungwa au halijafungwa?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Nijibu."

"Limefungwa. Mwaka wa pili huu. Ulikuwepo ukumbini, ukapiga makofi."

"Nilipiga." Akavua glovu moja kwa meno. "Jana wameniruhusu kumwona Elieza mahabusu. Dakika tano, kwenye nondo. Unajua wanamhoji habari za mgomo kwa kutumia nini? Barua yangu. Wala si tetesi. Wamemsomea neno kwa neno, mpaka pale nilipomwandikia kwamba mama anauliza kama soksi zimemtosha. Soksi, mama! Mtu wa Kampuni anazijua soksi za kaka yangu."

Feni ilizunguka. Nyuma yangu zile taa za kijani za mashine zilikuwa zinacheza kama kawaida, barua za watu elfu tatu wa Manyoni zinaingia na kutoka: harusi, misiba, mbegu, mapenzi, na tangu mwezi uliopita, mgomo.

"Barua ile niliiandika kwa simu yangu, ikapita hapa, haikupita pengine," Nyemo akaendelea. "Kwa hiyo ama humu kuna mtu anawauzia, ama kuna mlango uko wazi. Na humu mtu ni mmoja tu."

"Sijamuuzia mtu kitu, mwanangu."

"Basi nionyeshe mlango."

Ningeweza kumdanganya. Ila huyu nilimfundisha mwenyewe, Jumamosi kwa Jumamosi, akitoka kuchomelea matangi, anakula karanga zangu na kuuliza maswali yasiyoisha. Nilimweleza kwamba simu ikifika kwenye seva, kabla ya barua kusomwa au kutumwa, inasalimiana nayo kwanza. Simu inasema, mimi nayajua makufuli haya na haya. Seva inachagua moja kati ya hayo, wanafunga mlango, wanaongea. Yapo makufuli ya chuma, ambayo hata mashine zote za Kampuni zikifanya kazi miaka elfu haziyavunji. Na lipo Komeo. Jina hilo tulilipa sisi, kwa sababu linafanana na kile kigogo cha mti babu zetu walichokuwa wanapitisha nyuma ya mlango: kinazuia mbuzi, hakizuii mtu. Mashine ya kawaida kabisa inalivunja kabla chai haijachemka.

Nikasogeza kiti. Nikafungua faili ya mipangilio.

Aliinama, kidole chake chenye masizi kikashuka mstari kwa mstari. Akafika kwenye orodha ya makufuli. Komeo lilikuwepo, na mbele yake alama ya mshangao, maana yake: hili likataliwe. Akapumua. Alikuwa karibu kuniomba radhi, nilimwona. Lakini mimi nimemfundisha asiishie pale anapopata anachokitafuta, asome mpaka mwisho. Akasoma mpaka mwisho. Mstari wa mia mbili na kumi na mbili kidole kikasimama.

"Huu ni mlango wa pembeni."

"Ndiyo."

"Unajua Komeo tu. Hakuna kufuli lingine."

"Ndiyo."

"Wa nani?"

"Wa Hosea," nikasema.

Akavaa ile glovu aliyokuwa ameivua. Kidole kwa kidole, taratibu, kama mtu anayejizuia asishike kitu.

2

Kampuni inapenda watu wanaosahau. Mimi sijasahau, na wala sioni haya.

Miaka kumi na tisa iliyopita, mwaka wa mgomo wa Karakana Kuu, nilikuwa mfagiaji pale uwanja wa kurushia roketi. Mume wangu Hosea Msanjila alikuwa fundi wa vali. Simu zote tuligawiwa na Kampuni, bure, kwa tabasamu, na ndani yake waliweka Komeo, wakatuambia ndilo kufuli la kisasa, hata mabwana wakubwa wanalitumia. Tukaamini. Kamati ya mgomo ikaandikiana majina kwa simu hizo. Siku ya tatu, asubuhi, pale getini, ofisa mmoja mwenye miwani alisimama juu ya kreti akasoma majina ya waliofukuzwa. Arobaini na matatu. Aliyasoma kwa mpangilio ule ule tulioandika sisi. Tena katika barua yetu tulikuwa tumekosea, tumeandika jina la Mbijima mara mbili, na yule bwana akalisoma mara mbili. Watu wakatazamana. Ndipo tulipojua.

Hosea alikuwa wa kumi na saba. Baada ya hapo hakuna karakana iliyompokea kuanzia hapa mpaka pwani. Kazi pekee aliyopata ni ile ambayo hakuna mtu mwenye kazi anaikubali: Kituo cha Saba, upande wa nyuma wa Mwezi, mkataba usio na likizo, unaoongezwa na Kampuni ikipenda. Kila nikiuangalia Mwezi nauona uso wake. Yeye yuko kisogoni. Tangu apande hajaiona Dunia hata siku moja, maana kule haichomozi.

Waliofukuzwa hawaruhusiwi kutumia mitambo ya barua ya Kampuni. Ila ndani ya stoo ya Kituo cha Saba kuna redio kuukuu ya dharura, na Hosea ni fundi. Aliifufua. Inaongea kupitia setilaiti moja chakavu ambayo kila siku ya ishirini na saba inajipanga vizuri kwa dakika kumi na moja, kisha inapotea. Redio hiyo inajua kufuli moja tu. Huwezi kuifundisha lingine. Moyo wake umepigwa muhuri wa Kampuni, na Kampuni haifungui.

Kwa hiyo Komeo lilinichukulia mume, na Komeo ndilo lililoniletea barua zake. Sikuchagua mimi.

Barua zenyewe ukizisoma utacheka. Vumbi la kule linanuka baruti. Kichujio kimeziba. Leo nimeota mlenda, Damari, nimeamka nalamba meno. Kila barua inaanza na mbukwa, kama Mgogo anayepiga hodi uani kwa watu, na kila barua inauliza nimekula nini. Si swali la heshima lile. Anataka nitaje. Nikisema ugali wa uwele anataka kujua umesagwa wapi. Miaka kumi na tisa nimempikia mume wangu kwa maneno.

Sasa, Ushirika wetu, wenye seva hii, una desturi. Tukitaka kufunga kufuli lolote, mtunza seva anasimama ukumbini anasoma jina la kila mtu atakayebaki nje. Kwa kila jina lazima mtu mmoja kati ya waliokaa aseme "Anasemewa," maana yake: huyu nitamfikishia habari mimi, sitamwacha anabisha mlango uliokufa. Asiposemewa, hatufungi. Desturi hii tuliianzisha baada ya mzee Chilongani kumwandikia bintiye miezi kumi na minne kupitia mlango tuliokuwa tumeuziba bila kumwambia. Alikufa akidhani binti amemkasirikia.

Mwaka juzi nilisimama kusoma majina ya wanaojua Komeo tu. Orodha huwa tunaitoa kwenye kumbukumbu za seva za wiki mbili zilizopita. Wiki zipi, anachagua mtunza seva. Nilichagua wiki mbili ambazo Hosea hakuwa na setilaiti. Hakuna aliyekagua. Sisi tunamkagua kila mtu hapa mjini, mpaka mchungaji, lakini anayesimama kusoma majina hatumkagui, kwa sababu amesimama. Nikasoma sabini na moja, wote wakasemewa, watu wakapiga makofi, nikarudi hapa chumbani nikaandika mstari wa mia mbili na kumi na mbili.

Nilijiambia ni mlango wa mtu mmoja, unamdhuru nani? Nilijua unamdhuru nani. Ule mlango una jina lile lile la seva yetu na muhuri ule ule. Simu za wanachama ni kuukuu, Komeo bado liko ndani yao. Msikilizaji wa Kampuni anajibanza njiani. Simu ikija mlango mkubwa, anaisukumia ule wa pembeni, anaiambia humu hawajui kingine. Simu inakubali. Simu haijui kugoma.

3

"Hosea Msanjila, Kituo cha Saba," nikasoma.

Ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Nilikuwa nimeshawaeleza yote: mstari, mlango, miaka miwili, Elieza. Nilieleza nimesimama, kwa sauti, bila karatasi. Kisha nikasoma hilo jina moja, na kwa sheria yetu mtunza seva hawezi kumsemea mtu. Nikafunga mdomo.

Hakuna aliyejibu.

Mzee Malogo, mwenyekiti, alikuwa stesheni masta enzi zake na bado anaongea kana kwamba treni inapita. "Mama fundi!" akapaza sauti. "Miaka miwili umetulaza mlango wazi, sisi tunakoroma tu!"

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Na Ijumaa ndiyo majina ya kamati ya mgomo yanatoka kwa barua kwenda karakana zote!"

"Ndiyo."

"Sasa unataka tukufanyeje? Tukupe soda?"

Wachache wakacheka. Kicheko kibaya, cha puani. Mama mmoja akasema kwa nguvu kwamba yeye mumewe alikufa, hakumwachia mtu mlango. Mwingine akasema funga sasa hivi, unasubiri nini, jina la mtu mmoja. Nikataka kumjibu. Nikataka kuwauliza siku ile getini nani aliyemsemea yule wa kumi na saba. Nikanyamaza, kwa kuwa safari hii yule mwenye miwani juu ya kreti nilikuwa mimi.

Nyemo akainuka kutoka viti vya nyuma.

"Anasemewa," akasema.

"Kaa chini, binti," akasema mtu. "Kaka yako ndiye yuko ndani."

"Najua aliko kaka yangu, sihitaji kukumbushwa. Huyu mama nimemkasirikia mpaka meno yananiuma. Nitamkasirikia na kesho. Lakini Hosea hakuandika ule mstari. Hosea anabisha tu. Mnataka afike na redio yake, akute ukuta, akae huko kisogoni anajiuliza mke wake amekufa au amemchoka? Hayo ni ya Kampuni. Kama na sisi tutafanya hivyo, basi Ijumaa tunagomea nini?"

Mzee Malogo akasogeza kiti mbele.

"Utamfikishiaje habari?" akauliza Malogo, sasa kwa sauti ya kawaida, ambayo kwake ni kama kunong'ona. "Yeye anajua Komeo tu."

"Dirisha lake ni lini, mama?" Nyemo akaniuliza. Hakuniangalia.

"Keshokutwa. Alhamisi, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Dakika kumi na moja."

"Leo mlango unafungwa. Alhamisi saa nne na ishirini unafunguliwa kwa hizo dakika, na katika hizo dakika hakuna mtu Manyoni anayewasha simu. Hakuna. Msikilizaji akijibanza njiani atasikia habari za mlenda tu. Simu zote zije hapa, zimezimwa, tuziweke kwenye nyungo mbele. Asiyeweza kuja aizime nyumbani. Mimi nitakaa na kitufe cha kufungia. Simu hata moja ikibisha, nafunga papo hapo, hata kama anaandika neno gani."

Walibishana saa nzima. Mwisho Malogo akapiga meza. Wakakubali, kwa kunung'unika, kama tunavyokubali mambo yote hapa.

"Na baada ya Alhamisi," akasema mwenyekiti, "funguo za chumba kile atakuwa nazo Nyemo. Wewe mama Damari hutaingia mpaka uitwe."

"Sawa," nikasema. Hiyo haikuniuma. Nilikuwa nahesabu dakika kumi na moja zinaingia maneno mangapi.

4

Redio ya Hosea inapitisha maneno ishirini kwa dakika. Ukitoa muda wa kusalimiana kwa mashine, mnabaki na maneno mia mbili, yake na yangu. Nilikuwa nimeandaa barua ya maneno mia na tisini. Nilikesha siku mbili nikiipunguza.

Alhamisi saa nne asubuhi nyungo sita zilikuwa zimejaa simu, zimepangwa ukumbini kama samaki. Watu walikaa kimya. Sijawahi kuisikia Manyoni ikiwa kimya namna ile. Hata jenereta la kinu walilizima, sijui kwa nini, halihusiani. Chumbani tulikuwa wawili. Mimi kwenye kibodi, Nyemo kulia kwangu, kidole juu ya kitufe.

Saa nne na ishirini. Nyemo akafungua.

Kwenye kioo: amebisha. Kufuli: Komeo. Amekubaliwa.

*Mbukwa Damari. Kichujio kimeziba tena. Nimepata kikohozi lakini kimepungua. Umekula nini leo?*

Niliitazama barua yangu ya maneno mia na tisini. Nikaifuta yote.

*Mbukwa. Hosea, leo ni mwisho. Kampuni inasoma barua za watu kupitia mlango wako. Wamemkamata Elieza. Inabidi nifunge.*

Tukasubiri. Mwezini ni karibu, sekunde moja na kidogo sauti imeshafika. Ni ile redio ndiyo inayokokota miguu. Dakika ya tatu ikaisha. Ya nne.

*Komeo hili ni lile lile la Karakana?*

*Lile lile.*

*Miaka yote hamjalifunga?*

*Tulilifunga. Mimi nililiacha kwa ajili yako. Niliwaficha.*

Dakika ya tano. Hakuna kitu. Kioo kikakaa kitupu. Ya sita ikaanza, na mimi nikaanza kuogopa kwamba huo ndio mwisho, kwamba mume wangu atanyamaza mpaka dirisha lipite, na haki anayo. Nyemo aligeuka kuniangalia kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Kisha neno moja moja, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani:

*Damari. Hilo ndilo lililonipandisha huku. Usimtoe mtu mwingine kwa ajili yangu. Funga.*

Halafu, kabla sijagusa kibodi:

*Ila bado kuna dakika. Hujasema umekula nini.*

Nikacheka. Machozi yalikuwa yanashuka na nikacheka. Dakika ya nane. Nikaanza kuandika. *Mlenda. Ule mkavu wa kusaga. Nimetia karanga, nimezikaanga kwanza kama mama yako. Ugali wa uwele wa...*

"Mama," akasema Nyemo.

Kwenye kioo, chini ya jina la Hosea, mstari mpya: simu inabisha. Namba niliijua mara moja, nazijua zote. Ilikuwa ya bibi Loe wa Majengo, ana miaka themanini na minne, aliizima kama tulivyomwomba, kisha bila shaka akaiwasha aone kama saa tuliyomkataza imeshapita. Simu ikiwaka inakimbilia seva kuchukua barua. Ndivyo zilivyo.

Na mstari ule haukuja mlango mkubwa. Ulikuja wa pembeni. Kulikuwa na mtu njiani, anausukuma.

Kidole cha Nyemo kilikuwa juu ya kitufe na hakikushuka. Nilikiangalia. Ni kidole chenye makovu ya moto, kilichozoea chuma chekundu.

"Malizia," akaninong'oneza. "Malizia hilo neno, mama. Ni bibi Loe tu."

Ni bibi Loe tu. Ni Hosea tu. Ni mlango wa mtu mmoja tu. Mimi nilikuwa nimeshayasema maneno hayo kwa miaka miwili, nayajua ladha yake.

Nikaweka mkono wangu juu ya wake, nikabonyeza.

Kioo kikaandika kwamba mlango umefungwa. Dakika mbili na nusu zilikuwa bado. Sijui mlenda wangu ulimfikia mpaka neno lipi. Nyemo alifungua ile faili ya mipangilio akanirudishia kibodi, nami nikaufuta mstari wa mia mbili na kumi na mbili herufi kwa herufi, nikitokea mwisho kurudi mwanzo. Kisha nikampa funguo.

5

Ijumaa majina yalitoka na hakuna aliyesoma majina getini. Yule ofisa, au mjukuu wake, alisimama pale na kreti yake, hana cha kusoma. Wiki ya pili karakana tano zikawa zimesimama. Elieza bado yuko ndani ninavyoandika haya, lakini amemwambia dada yake kwamba siku hizi wanamhoji kwa kubahatisha, wanamuuliza hata rangi ya ng'ombe wa baba yake.

Mimi nilikaa nyumbani. Nilipalilia. Nilipika kidogo, chakula cha mtu mmoja, na kila nikiinua mwiko nilijikuta natafuta maneno ya kuuelezea, halafu nakumbuka. Jioni Mwezi ukitoka nilikuwa naingia ndani. Sikutaka kuuona uso wake.

Sikuwa nimehesabu siku. Hilo ni uongo. Nilizihesabu, na siku ya ishirini na saba niliamka nikajipa kazi ya kufua mablanketi yote ya nyumba ili mikono isiwe na nafasi.

Nyemo alinikuta nimechuchumaa kwenye beseni.

"Shikamoo, mama."

Nikainua kichwa. Ilikuwa muda sijaisikia. "Marahaba, mwanangu."

"Unaitwa chumbani."

"Na nani?"

"Na mtunza seva," akasema. "Usikaushe mikono, hatuna muda. Ni saa nne na kumi na saba."

Tulitembea haraka, kisha tukakimbia, mwanamke wa miaka hamsini na nane na kanga iliyolowa. Ukumbi ulikuwa mtupu. Chumbani feni ilikuwa ile ile. Nyemo alikuwa amefungua kumbukumbu za seva, yale maandishi ambayo mashine inayaandika kila mtu akija, anayeingia na asiyeingia. Mtu hayasomi, yanapita kama mvua. Akanikalisha.

Saa nne na ishirini, mstari ukatokea.

Amebisha. Kufuli analolijua: Komeo. Hatuna kufuli la pamoja. Amekataliwa.

"Sikuwa nimelifikiria hili," akasema Nyemo. "Jana nilikuwa napitia kumbukumbu za zamani, za wale sabini na moja tuliowafungia mwaka juzi. Kuna watatu walibisha tena baada ya kufungwa, mara moja moja, wakaacha. Nikasema, aliyekataliwa naye mashine inamwandika. Hapiti, hasemi kitu, hakuna wa kumsikiliza njiani. Lakini anaandikwa."

Saa nne na ishirini na moja. Amebisha. Amekataliwa.

Anajua umefungwa. Nilimwambia mwenyewe. Anajua hautafunguka, na yeye ni fundi, hajaribu kitu kilichokufa ili aone kama kitafufuka. Saa nne na ishirini na mbili. Amebisha. Yuko kule nyuma, kwenye stoo yenye harufu ya baruti, na kikohozi chake, amekaa mbele ya redio, kila dakika ikitimia anabonyeza.

Yuko hai. Leo, saa hii, dakika hii, yuko hai.

Nyemo alisimama. Akajinyoosha kama tunavyosimama ukumbini, akasafisha koo, na mbele ya ukumbi usio na mtu, mlango ukiwa wazi, akasoma kwa sauti kubwa ya kazini.

"Hosea Msanjila, Kituo cha Saba."

Mtunza seva haruhusiwi kujibu. Mimi sikuwa tena mtunza seva.

"Anasemewa," nikasema.

Saa nne na ishirini na tatu. Akasoma tena. Nikajibu tena. Dakika ya sita nilikuwa nafuta uso kwa ile kanga iliyolowa, Nyemo akaningoja, hakusoma lile linalofuata mpaka nilipoitikia. Tulikwenda hivyo mpaka saa nne na thelathini, na mara zote kumi na moja alibisha, hakuruka hata moja.

Kisha setilaiti ikapita. Nyemo akakaa.

"Umekula nini leo, mama?" akaniuliza.

Nikamtajia.